Miaka 13: Namba Iliyotangulia Mitandao

Tarehe 21 Oktoba 1998 Rais Bill Clinton wa Marekani alitia saini sheria ya matumizi ya serikali yenye kurasa zipatazo 4,000. Ilikuwa imechelewa, uchaguzi wa wabunge ulikuwa umebakiza wiki mbili, na baadhi ya wabunge walinung'unika hadharani kwamba hawakupewa hata nafasi ya kuisoma. Katikati ya mafungu ya jeshi na misaada ya wakulima ilikuwa imechomekwa sheria fupi juu ya watoto na intaneti, ambayo baadaye ilizoeleka kwa kifupi kama COPPA. Ilisema kwamba mtoto, kwa madhumuni ya sheria hiyo, ni mtu ambaye hajatimiza miaka 13.

Mtoto wa Tanga, wa Bukavu au wa Muscat anayefungua akaunti ya Instagram leo hukutana na namba hiyo mlangoni. Hakuna bunge la kwao lililoipitisha. Madaktari wa watoto hawakuipima, wala haina uhusiano na jando na unyago wa mahali popote. Ilitokana na mvutano wa miezi michache mjini Washington kuhusu matangazo ya biashara, zaidi ya miaka mitano kabla Facebook haijazaliwa, na waliokubaliana juu yake walikuwa wakishughulikia tatizo jingine.

Tatizo lenyewe lilikuwa hivi. Kufikia mwaka 1996 kampuni za Marekani zinazouza vitu vya watoto zilikuwa zimegundua kwamba mtoto aliyeketi mbele ya kompyuta hujibu maswali ambayo hangeyajibu dukani. Intaneti ilikuwa inapita kwenye waya wa simu ya mezani, picha moja ilichukua muda kujichora kutoka juu hadi chini, lakini fomu za maneno matupu zilifunguka haraka, na watoto walipenda kuzijaza. Tovuti moja ya filamu ya Batman iliwaomba watoto, kama raia wema, wamsaidie mkuu wa polisi wa mji wa Gotham kufanya sensa. Sensa yenyewe ilikuwa dodoso la soko. Mtoto alidhani anacheza, kumbe anahojiwa kuhusu video atakazonunua.

Waliolipigia kelele jambo hili walikuwa mtu na mkewe, Jeff Chester na Kathryn Montgomery, walioendesha kituo kidogo cha utetezi mjini Washington. Walikuwa wametoka kwenye vita vya televisheni, wakidai vituo virushe vipindi vya kuelimisha watoto, na walizijua vizuri mbinu za watangazaji. Mwaka 1996 walitoa ripoti kuhusu tovuti za watoto na kupeleka malalamiko Tume ya Biashara ya serikali kuu dhidi ya tovuti iliyoitwa KidsCom. Huko mtoto aliyetaka kuingia alijaza jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, anwani na vitu anavyovipenda. Akiendelea kujibu maswali alilimbikiza pointi, na pointi zilinunua zawadi. Julai 1997 Tume ilisema wazi kwamba kukusanya habari za mtoto namna hiyo bila mzazi kuelezwa ni udanganyifu. Tovuti ilikuwa imekwisha kujirekebisha, kwa hiyo hakuna aliyeshtakiwa.

Tume ikaamua kupima ukubwa wa jambo. Maofisa wake walipitia tovuti 212 za watoto na kutoa matokeo Juni 1998. Asilimia 89 zilikuwa zinachukua habari binafsi za mtoto moja kwa moja kutoka kwa mtoto. Asilimia 23 tu ndizo zilizomwambia mtoto aombe kwanza ruhusa nyumbani. Zilizompa mzazi uwezo wowote wa kudhibiti habari hizo hazikufika asilimia 10.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Julai mwaka huohuo Seneta Richard Bryan wa Nevada, Mdemokrati, akishirikiana na John McCain wa chama cha Republican, alipeleka muswada. Katika baraza la chini, mwenye bidii alikuwa Ed Markey wa Massachusetts. Rasimu za mwanzo hazikuishia kwenye miaka 13. Ziliwagusa pia vijana wa hadi miaka 16: mzazi angepewa taarifa kijana wake anapochukuliwa habari, na angeweza kukataa.

Hapo ndipo biashara ya kuvutana ilipoanza. Kampuni hazikutaka kupoteza vijana, maana kijana wa miaka 15 ana fedha mfukoni na ladha inayobadilika kila msimu. Hilo lilitarajiwa. Lisilotarajiwa ni kwamba watetezi wa uhuru wa raia nao walisimama upande huohuo kwa sababu zao wenyewe. Waliuliza: msichana wa miaka 15 anayepigwa nyumbani, au anayetafuta maelezo ya uzazi wa mpango, ataombaje ruhusa kwa mzazi yuleyule anayemkimbia? Swali hilo lilikuwa zito, na hadi leo sijaona jibu lake katika sheria yoyote ya umri. Basi vijana wakatolewa, watoto wakabaki, na mstari ukachorwa kwenye 13. Miaka mingi baadaye Markey aliwaambia waandishi wa habari kwamba alijua tangu siku ile kwamba umri huo ni mdogo mno, ila ndicho alichoweza kukipata.

Kuna kifungu kingine ambacho kiliponyoka macho ya wengi na kikaja kuwa na nguvu kuliko namba yenyewe. Sheria ilizibana tovuti za aina mbili: zile zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto, na zile za watu wote ambazo zinajua kwa hakika kwamba mtumiaji fulani ni mtoto. Tovuti ya watu wote isiyojua haikuwa na kosa. Haikulazimishwa kuuliza, wala kuchunguza jibu ililopewa. Na sheria ilipoanza kufanya kazi, tarehe 21 Aprili 2000, kujua kulikuwa na gharama. Ruhusa ya mzazi ilipatikana kwa fomu iliyotiwa saini na kutumwa kwa posta au faksi, kwa kadi ya benki, au kwa kupiga simu na kuongea na mhudumu. Nani angeweka watu wa kupokea faksi za wazazi mchana kutwa, wakati inatosha kuandika chini ya ukurasa kwamba huduma hii ni ya wenye miaka 13 na kuendelea?

Sheria iliyokusudiwa kuwalinda walio chini ya miaka 13 dhidi ya madodoso ikawa, bila mtu kulikusudia hilo, tangazo kwamba aliyefikisha 13 ni halali ya soko kama mtu mzima yeyote. Ilichukua muda kabla ya maana ya jambo hilo kuonekana, kwa sababu soko lenyewe lilikuwa bado halijajengwa.

Facebook ilianza Februari 2004 kama kitabu cha picha za wanafunzi wa Harvard. Septemba 2005 iliwafungulia wanafunzi wa sekondari wa Marekani. Tarehe 26 Septemba 2006 ilimfungulia kila mwenye barua pepe na miaka 13. Majuma machache tu kabla ya hapo, mtandao mwingine uliopendwa na vijana, Xanga, ulikuwa umekubali kulipa faini ya dola milioni 1. Xanga iliwataka wanaojiunga waweke alama kwenye kisanduku kuthibitisha kwamba wametimiza miaka 13, kisha ikawauliza tarehe ya kuzaliwa, kisha ikawapokea hata waliotaja tarehe za watoto. Akaunti za namna hiyo zilikuwa milioni 1.7. Watoto walisema kweli, na ukweli wao ukawa ushahidi mahakamani.

Kesi ile ilikuwa na fundisho kwa kampuni za mitandao. Fundisho lake halikuwa kwamba watoto wasiwepo. Fundisho lilikuwa kwamba wasisikike wakisema umri wao.

Miaka minne iliyofuata ndiyo iliyotengeneza mitandao tunayoijua. Ukurasa wa Facebook unaomwagika habari za marafiki bila kuombwa ulianza Septemba 2006. Kitufe cha laiki kilikuja Februari 2009. Juni 2010 Apple ilitoa iPhone ya kwanza yenye kamera ya mbele, inayomtazama mwenye simu, na Oktoba mwaka huohuo Instagram ikazinduliwa. Vitu hivi ukivitazama kimoja kimoja ni vidogo. Ukiviunganisha unapata chombo kinachomwezesha msichana wa darasa la sita kujipiga picha, kuiposti, kisha kukesha akihesabu waliompenda. Sheria ya 1998 haikuwa na neno juu ya chombo hicho. Ilikataza kuchukua jina na anwani ya mtoto bila ruhusa. Juu ya kuhesabiwa laiki haikusema kitu, kwa kuwa mwaka 1998 hakuna aliyewaza kwamba mtoto atahesabiwa laiki.

Mwaka 2011 watafiti wanne, akiwemo danah boyd (ndivyo anavyoliandika jina lake, kwa herufi ndogo), walichapisha utafiti uliouliza wazazi wa Marekani swali rahisi: mwanao aliingiaje Facebook? Ilidhaniwa kwamba watoto huwazunguka wazazi. Majibu yalikuwa mengine. Kati ya wazazi wenye watoto wa miaka 12, asilimia 55 walisema mtoto wao ana akaunti. Kati ya hao, asilimia 82 walijua siku ile ile akaunti ilipofunguliwa, na asilimia 76 walimsaidia kuifungua. Mama au baba aliketi kando ya mtoto na kumwelekeza mwaka wa kuandika.

Sidhani kwamba wazazi wale walikuwa wazembe. Bibi alikuwa huko, binamu walikuwa huko, picha za harusi ziliwekwa huko. Wengi waliuona umri wa 13 kama ushauri, sawa na ule unaobandikwa kwenye filamu, ambao mzazi huupima mwenyewe kulingana na mtoto wake. Hawakujua kwamba chanzo chake ni sheria ya habari binafsi, wala kwamba sheria hiyo ilitungwa ili kumpa mzazi sauti. Sheria iliyosema mzazi aulizwe ilizaa utaratibu ambamo mzazi anashiriki kudanganya, na hakuna aliyemuuliza.

Uongo wa siku ya kujiunga una tabia moja ambayo ilichelewa kutambuliwa: unakua pamoja na mtoto. Chukua mtoto aliyezaliwa 2007. Mwaka 2016, akiwa na miaka 9, anataka kujiunga, basi anaandika kwamba alizaliwa 2003. Kuanzia hapo mashine inamtunzia umri wake wa pili, na inauhesabu vizuri kuliko yeye mwenyewe. Mwaka 2021 yuko kidato cha kwanza au cha pili, ana miaka 14, lakini kwa kumbukumbu za kampuni ametimiza 18. Kinga zote zilizowekwa kwa ajili ya vijana, kama vile kumzuia mgeni mtu mzima kumwandikia faragha au kutomwonyesha matangazo ya pombe, zinaanguka siku hiyo kimyakimya. Haya si mambo ya kufikirika. Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, ilitoa takwimu mwaka 2022: miongoni mwa watoto wa Uingereza wa miaka 8 hadi 17 wenye akaunti za mitandao ya kijamii, karibu theluthi moja walikuwa wameandikishwa kama watu wa miaka 18 au zaidi.

Marekani iliendelea kutoza faini. Februari 2019 kampuni iliyokuwa ikiitwa Musical.ly, ambayo kufikia wakati huo ilikwisha kumezwa na TikTok, ililipa dola milioni 5.7. Watoto walikuwa wameandika umri wao au habari za shule yao kwenye maelezo yao ya wazi, akaunti zikiwa zinaonekana na dunia nzima, na wazazi walioandika kuomba akaunti zifutwe walikuwa maelfu. Septemba mwaka huohuo YouTube ilikubali kulipa dola milioni 170. Kwa kampuni mama yake, Google, hizo zilikuwa fedha za kulipa na kusahau.

Namba 13 ilifika Afrika Mashariki kupitia nyaya za baharini. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilitua pwani yetu, na mwaka uliofuata ukafuata wa EASSy. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea satelaiti, ghali na yenye kukwama. Nyaya ziliposhuka Mombasa na Dar es Salaam, bando likaanza kuuzwa kwa siku na kwa saa, simu za mkononi za bei nafuu zikajaa Kariakoo na Luthuli Avenue, na masharti ya kampuni za California yakaja nayo yakiwa hayajabadilishwa hata nukta.

Ila waliotunga sheria ile ya 1998 walikuwa na picha fulani ya familia akilini: mtoto mmoja, kompyuta moja sebuleni, mzazi mwenye kadi ya benki na mashine ya faksi kazini. Kwetu chombo cha kwanza cha mtoto mara nyingi ni simu ya mtu mwingine. "Mama, niazime simu, mwalimu katuma kazi kwenye grupu." Mama anaitoa, kazi inanakiliwa kwenye daftari kwa dakika kumi, na saa nzima inayobaki ni ya TikTok. Hapo hakuna aliyedanganya umri. Akaunti ni ya mama, aliyezaliwa 1985, anayefuatilia mapishi na kwaya. Mashine inamwona mama mmoja mwenye mapenzi ya ajabu kwa katuni kuanzia saa kumi na moja jioni. Mtoto anayeperuzi kwenye akaunti ya mzazi haonekani kwenye takwimu yoyote, na kinga yoyote ya vijana haimfikii, kwa sababu kwenye vitabu vya kampuni hayupo.

Korona iliongeza kasi. Tanzania ilifunga shule Machi 2020 hadi mwishoni mwa Juni. Kenya ilizifunga Machi hiyohiyo, na wengi wa wanafunzi wake hawakurudi hadi Januari 2021. Uganda ilikaa hadi Januari 2022 kabla ya kufungua kikamilifu. Makundi ya WhatsApp ya madarasa yaligeuka kuwa shule zenyewe, na wazazi waliokuwa wameapa kutompa mtoto simu wakajikuta wanakwenda dukani.

Sheria zetu zilizokuja baadaye hazikuifuata Marekani katika jambo la umri. Sheria ya Kenya ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto, na mtoto kwa Katiba ya Kenya ni kila aliye chini ya miaka 18. Septemba 2023 kamishna wa taarifa binafsi wa Kenya aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi milioni 4.55 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao.  Kampuni zinazomiliki mitandao yenyewe ziliendelea kuuliza swali la Washington: umetimiza 13?

Huko Marekani, mwaka 2021, kampuni yenyewe ndiyo iliyolileta suala la umri mezani. Facebook ilikuwa inatengeneza Instagram maalumu ya watoto wa chini ya miaka 13. Wanasheria wakuu 44 wa majimbo na maeneo ya Marekani waliandika barua ya pamoja mwezi Mei kuomba mradi uachwe. Kisha Septemba gazeti la Wall Street Journal likaanza kuchapisha nyaraka za ndani ya kampuni zilizotolewa na mfanyakazi wake wa zamani, Frances Haugen. Katika nyaraka hizo watafiti wa kampuni waliandika kwamba kwa msichana mmoja kati ya watatu, Instagram huzidisha hisia mbaya alizo nazo kuhusu mwili wake. Tarehe 27 Septemba mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alitangaza kusimamisha mradi wa watoto. Alichosema kuutetea kinafaa kukumbukwa: watoto wako mtandaoni tayari, wanadanganya umri ili waingie, na ni heri wapewe mahali pao. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Pia ilikuwa kukiri, mbele ya umma, jambo ambalo tangu kesi ya Xanga kampuni zote zilijitahidi zisionekane zinalijua.

Wanasayansi hawajaafikiana kuhusu ukubwa wa madhara. Mwanzoni mwa 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walichambua majibu ya vijana zaidi ya 350,000 na kukuta kwamba matumizi ya teknolojia yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Kwa hesabu zao, kula viazi kulikuwa na uhusiano unaokaribia huo. Machi 2024 Jonathan Haidt wa Chuo Kikuu cha New York alichapisha kitabu kilichodai kinyume: kwamba kati ya 2010 na 2015 utoto wa kucheza nje ulibadilishwa na utoto wa simu, na afya ya akili ya vijana ikaporomoka. Wapinzani wake walisema anachanganya vitu viwili vilivyotokea pamoja na kimoja kuwa chanzo cha kingine. Binafsi naona wastani wa vijana 350,000 unaweza kuwa mdogo huku msichana mmoja kati yao akiumia vibaya, na wastani hauna namna ya kumwonyesha. Lakini ukweli ni kwamba ugomvi wa wanasayansi haukuamua kitu. Kitabu kiliamua, na kiliamua kupitia chumba cha kulala.

Huko Adelaide, Australia, Annabel West alikisoma kitabu cha Haidt kitandani, akamgeukia mumewe na kumwambia akisome, kisha achukue hatua. Mumewe ni Peter Malinauskas, waziri mkuu wa jimbo la Australia Kusini. Yeye mwenyewe amesimulia kisa hiki mara nyingi. Alimwomba jaji mkuu mstaafu wa nchi, Robert French, atafakari sheria ingekuwaje, na Septemba 2024 French alikuja na rasimu: chini ya 14 marufuku, miaka 14 na 15 kwa ruhusa ya mzazi. Magazeti makubwa yalikuwa yameanzisha kampeni zao, mtangazaji mmoja wa redio alikuwa anakusanya saini, na serikali kuu ya waziri mkuu wa nchi, Anthony Albanese, ilikuwa inakaribia uchaguzi. Novemba Albanese alitangaza namba yake, 16, na ruhusa ya mzazi haikuwemo.

Haraka yake ilifanana sana na ile ya 1998. Muswada uliwasilishwa tarehe 21 Novemba. Wananchi walipewa siku moja kutoa maoni; yalipokelewa maoni yapatayo 15,000. Wataalamu zaidi ya 140 walikuwa wamekwisha kuandika barua ya kupinga. Wiki moja baada ya kuwasilishwa, Seneti ya Australia iliupitisha katika siku ya mwisho ya vikao vya mwaka. Wenye kumbukumbu walitaja Korea Kusini, ambayo mwaka 2011 iliwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza michezo ya mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri. Watoto wa Korea walitumia namba za vitambulisho vya wazazi wao, wakaendelea kucheza, na baada ya miaka kumi sheria ikafutwa.

Hata hivyo Waaustralia walibadilisha jambo moja ambalo Wamarekani hawakulithubutu. Sheria yao inaitaka kampuni ichukue hatua za maana kuhakikisha walio chini ya miaka 16 hawana akaunti. Kusema haikujua hakutoshi. Mtoto hana adhabu, mzazi hana adhabu, kampuni inaweza kutozwa hadi dola milioni 49.5 za Australia. Ilianza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, ikiwagusa kina Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat, X na YouTube, na kuiacha WhatsApp nje. Katikati ya Januari 2026 serikali ilisema akaunti milioni 4.7 zimefungwa au kuzuiwa. Hizo ni akaunti, si watoto, maana mtoto mmoja anaweza kuwa na zaidi ya moja. Baadhi ya watoto waliomaliza likizo ya kiangazi wakiwa bado mtandaoni walikuwa ni walewale waliojiongezea miaka tangu shule ya msingi.

Mjini Washington Ed Markey, ambaye sasa ni seneta, hajaacha. Tarehe 30 Julai 2024 Seneti ya Marekani ilipiga kura 91 dhidi ya 3 kupitisha muswada uliobeba pendekezo lake la kupandisha ulinzi wa habari binafsi hadi miaka 16, kulekule rasimu za mwanzo zilikokuwa zimeelekea mwaka 1998. Baraza la chini halikuupigia kura. Machi 2025 aliliwasilisha upya pendekezo lake.

Kampuni nazo zimebaki na kazi ya kutafuta umri wa kweli chini ya ule ulioandikwa. Kamera hukadiria umri kwa kutazama sura, na watoto wamejifunza kukunja paji la uso. Njia nyingine Facebook iliieleza yenyewe mwaka 2021: mashine husoma salamu za siku ya kuzaliwa. Mtoto anaweza kuwa ameandika 2003 na kujifanya mkubwa kwa miaka mitatu, kisha shangazi yake akaja ukutani kwake na maua, keki ya kuchora na hongera ya kutimiza miaka 12.